Hita ya Ghorofa ya Nne

Ilikuwa siku ya Jumatano, ya tatu tangu kuandama kwa mwezi wa saba, ambao katika mji wa Keelung ni mwezi wa wafu kutembea, saa tisa na dakika kumi na moja alasiri. Saa ya jikoni ilionyesha saa tisa na robo kamili, lakini saa ile ilikuwa ikitangulia kwa dakika nne tangu mume wa Yueh-o alipokuwa hai, na baada ya kifo chake hapakuwa na mtu aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Wakati huo Tu Yueh-o, mjane mpika chakula cha kufungasha, alikuwa amechutama katika uchochoro wa nyuma ya duka lake akisugua masufuria kwa maji baridi, na hita ya maji iliyotundikwa ukutani juu ya kichwa chake ikaanza kulia: tik, tik, tik, tik. Ndivyo hita hupiga cheche mtu anapofungua bomba la maji ya moto. Kisha moto ukashika ndani yake kwa pumzi moja nzito.

Yueh-o aliinua uso. Bomba alilokuwa nalo lilikuwa la maji baridi.

"Lan-yin," aliita, "mbona unaoga saa hizi na wateja wapo?"

"Nani anaoga?" binti yake alijibu kutoka mbele. "Nina mteja hapa anataka paja la kuku, halafu hataki ngozi. Nioge saa ngapi?"

Moto ukazimika wenyewe. Katika uchochoro ule, ambao siku zote ulinuka mafuta ya nguruwe na mvua, ikapita harufu ya sabuni ya tangawizi, nzito na yenye mvuke, kama ya mtu aliyetoka kuoga na kupita karibu bila kusalimu. Yueh-o alitazama huku na huku, akainama tena juu ya masufuria yake, lakini mikono yake haikusugua kwa bidii ile ya mwanzo.

Jana yake, Jumanne, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye hati miliki ya nyumba asiyopata kuikanyaga.

Aliyemwandikisha ni kaka yake, Tu Chin-fa, na hapa inafaa mtu huyu aelezwe alivyo, bila kupunguziwa wala kuongezewa. Chin-fa alikuwa na nyumba nyingi katika mitaa ya bandarini na vilimani, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Hii ilikuwa kwa jina la mke, ile kwa jina la mama mkwe, nyingine kwa jina la dereva aliyekuwa na deni la kamari. Kila Jumamosi alikodi ukumbi juu ya duka la tambi za bata, akasimama mbele ya watu waliotaka kutajirika kwa nyumba, akawajibu maswali yao. Je, mtu akitaka kuziba roshani kwa alumini na vioo ili apate chumba cha ziada, anahitaji kibali? Anahitaji, alisema Chin-fa, kwa hiyo zibeni siku ya sikukuu wakati mkaguzi yuko kwao. Je, hita ya gesi ikibaki ndani ya roshani iliyozibwa? Andikeni kwenye mkataba wa pango kwamba vifaa vyote ni jukumu la mpangaji. Je, mpangaji akifa ndani ya nyumba, lazima mnunuzi aambiwe? Hapo Chin-fa alitabasamu, kwa sababu swali hilo ndilo alilolipenda kuliko yote.

"Karatasi ya mauzo haiulizi nyumba imeona nini," aliwaambia. "Inamuuliza muuzaji kama kuna aliyekufa vibaya katika kipindi chake cha umiliki. Basi badilisheni muuzaji. Mwenye hati mpya anajibu *hapana*, na anajibu kweli. Ndugu zangu, sheria haipendi uongo, na sisi hatusemi uongo."

Watu wazima, wenye watoto na madhabahu za mababu nyumbani mwao, waliandika maneno hayo kwenye madaftari na kupigia mstari. Mtu akitaka kujua unyama unavyovaa tai, angekwenda pale Jumamosi.

Nyumba ya ghorofa ya nne ilikuwa mojawapo ya hizo. Chin-fa aliinunua miaka tisa nyuma kwa jina la mjomba wa mkewe, mzee aliyekuwa akiishi katika nyumba ya wazee na asiyekumbuka hata jina lake mwenyewe. Akaiziba roshani, akapata chumba cha tatu, na hita ikabaki ndani ya vioo. Mpangaji wake wa mwisho, Kao Shu-hui, msichana mfanya usafi wa zamu za usiku, alikutwa amekufa bafuni wakati wa baridi kali ya mwaka mpya, madirisha yote yamefungwa. Moto wa hita ukikosa hewa hutoa gesi ya sumu; ndiyo iliyomuua, nayo haina harufu. Polisi walimtafuta mwenye nyumba, wakampata mzee aliyewauliza kama wamemletea ndizi.

Sasa Chin-fa alikuwa amepata mnunuzi, na alihitaji jina safi. Hakumbembeleza sana dada yake. Duka la Yueh-o pamoja na vyumba viwili vya nyuma alivyolala na bintiye vilikuwa vya Chin-fa pia, kwa jina la mtu mwingine.

"Ni jina tu, dada," alimwambia, akila wali wa nyama bila kulipa na kupenga mafua. "Hulipi kitu. Hamishieni na makazi yenu huko kwenye daftari la wakazi, wewe na mtoto, kodi ya kuuza ipungue. Baada ya miezi michache jina linarudi kwako halina hata mkwaruzo."

"Kaka, hebu nikuulize. Umewahi kumiliki hata kandambili?"

"Kandambili ni za mke wangu."

"Na hayo mafua?"

"Tia saini, Yueh-o. Nikianza kufikiria kodi ya duka hili utasikitika."

Akatia saini. Hakuuliza kwa nini nyumba ilikuwa tupu tangu mwaka mpya. Alijua, kama mji mzima ulivyojua, na alijifanya hajui, kwa kuwa mwenye kupangishwa hujifunza mapema kufumba jicho moja.

Baada ya Jumatano ile hita ililia kila alasiri. Yueh-o alifunga mtungi wa gesi kwa ufunguo, na bado ikalia. Alimwita fundi, fundi akaifungua, akaifuta, akaifunga, akasema haina kasoro, kisha akiwa bado anasema ikaanza tik, tik, tik mbele ya pua yake, naye akakusanya bisibisi zake na kuondoka bila kudai malipo. Kioo cha bafuni kilianza kutoka jasho wakati hakuna aliyeoga. Mito ya kulalia ilikuwa na unyevu wa nywele. Keelung hakuna kinachokauka, hilo linajulikana, lakini unyevu huu ulikuwa wa vuguvugu.

Lan-yin ndiye aliyekonda. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwepesi wa mikono na mdomo, mtoto wa kuchambana na wapakua mizigo na kuwashinda. Sasa akawa anashika kichwa na kukaa chini katikati ya kazi.

"Kuna simu ya nani inaita?" aliuliza siku moja.

"Sisikii simu."

"Inaita mbali, mama. Inaita, inakatika, inaita tena. Mbona hawapokei?"

Wiki ya pili, alasiri yenye mvua ya upande, Yueh-o alikuwa akikata machipukizi ya mianzi aliposikia hita ikilia nyuma, na mara hii haikukoma. Alisubiri izimike kama kawaida yake, haikuzimika. Akaita jina la bintiye mara moja kwa sauti ya kawaida na mara ya pili kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, akatupa kisu, akapita kati ya magunia ya mchele hadi mlango wa bafu, na harufu ya tangawizi ilipomkabili ilikuwa nzito kiasi cha kuonjeka ulimini, akasukuma mlango ambao haukuwa na komeo lakini ulikuwa mgumu kusukumika kana kwamba kuna mtu ameuegemea kwa ndani kwa uvumilivu wote wa mtu mwenye nafasi, na alipoupata mwanya akamwona Lan-yin ameketi sakafuni na nguo zake zote, dirisha liko wazi juu yake na mvua inaingia, mashavu yake mekundu na mazuri kama ya bibi harusi, na hapumui.

Akamburuta uchochoroni, akampiga makofi, akampulizia pumzi yake mdomoni mpaka mtoto akakohoa.

Daktari aliyempima aliuliza hita iko wapi. Iko nje, ukutani, alisema Yueh-o. Daktari akamtazama kama mtu anayedanganywa. "Damu hii," alisema, "ni ya mtu aliyefungiwa na moshi wa gesi kwenye chumba kisicho na hewa. Mara ya pili hatanusurika. Tafuta inapotoka."

Yueh-o alijua inapotoka.

Bibi Ah-Khim alikuwa akipandisha roho za wafu nyuma ya karakana ya matairi, katika chumba chenye madhabahu nyekundu na friji ya soda. Alikuwa mzee, mfupi, mvutaji sigara, na hakupoteza muda. Alimsikiliza Yueh-o, akaomba jina la marehemu na anwani ya nyumba, akajifunika uso kwa kitambaa, akapiga meza kwa viganja. Pale chini ya kitambaa pumzi yake ikaanza kurefuka. Harufu ya matairi ikaondoka. Ikaja ile ya sabuni.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana, ya heshima, iliyochoka; sauti ya mtu aliyezoea kuomba radhi kazini.

"Samahani kwa usumbufu. Mwenye nyumba ni nani?"

Yueh-o alikaza macho kwenye kile kitambaa.

"Nilipiga simu. Nilisema hita ina kasoro, kichwa kinaniuma. Wa kwanza akasema yeye si mwenye nyumba, ni mtunza funguo. Nikapewa namba nyingine. Yule akasema yeye si mwenye nyumba, ni mshauri. Nikapiga tena alasiri kabla ya kwenda kuoga, haikupokelewa. Samahani. Nimeona jina limebadilika. Mwenye nyumba ni wewe?"

"Mwanangu," Yueh-o alinong'ona, "ni jina tu."

"Wote husema hivyo," ilisema ile sauti.

Bibi Ah-Khim alipozinduka alikunywa maji, akawasha sigara. "Huyu hana ubaya," alisema. "Ndiyo maana mgumu. Mwenye ubaya unamfukuza. Huyu ana swali, na asipojibiwa ataliuliza kwa kila aliyeandikwa kwenye nyumba ile, iwe hati au daftari la wakazi, na wa kwanza ni mtoto, kwa sababu mtoto ndiye anayemsikia."

"Nifanye nini, bibi?"

"Mlete mwenyewe. Yule mwenye mali yake kweli. Asimame jikoni kwenye nyumba ile, alasiri, aweke wali na paja la kuku kwa Bwana wa Msingi wa nyumba kama tunavyofanya tunapohamia, aseme anwani, aseme jina lake, aseme ni yeye, aombe radhi. Marehemu ataondoka. Lakini lazima jina litoke kinywani mwake."

"Kaka yangu hajawahi kulitamka kwa miaka thelathini."

"Basi itamchoma kidogo," alisema Ah-Khim. "Chumvi pia inachoma kidonda."

Chin-fa alikuja ghorofa ya nne Ijumaa, akilalamika kuanzia ngazi za chini. Alivua viatu vyake vya ngozi mlangoni, kwa kuwa hata mtu wa namna yake huvua viatu, akavaa kandambili za plastiki zilizokuwa pale.

"Mnunuzi anatia saini Jumatatu," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto tu. Haya ni mambo ya wauza ubani."

"Mjomba ana huruma siku hizi," alisema Lan-yin, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, uso umepauka. "Tumwandike gazetini."

"Nyamaza, wewe. Unaongea sana kwa mtu mgonjwa."

Jiko lilikuwa dogo, na mlango wake ulifungukia ile roshani iliyozibwa. Hita ilining'inia ndani ya vioo, mdomo mweusi, bila mtungi wa gesi wala mpira. Vyote vilikwishaondolewa na polisi. Yueh-o alitandika kigoda kifupi, kama inavyopasa, kwa kuwa Bwana wa Msingi, mungu alindaye nyumba, ni mfupi. Akaweka wali, paja la kuku, vikombe vya pombe. Akawasha udi. Pembeni akaweka vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la hilali, ambavyo hutupwa sakafuni ili kusikia jibu: kimoja kikilala na kingine kikibinuka, ndiyo, vyote vikionyesha tumbo, unachekwa, vyote vikionyesha mgongo, umekataliwa.

Chin-fa akashika udi kwa mikono miwili. Alisema anwani sawasawa, mtaa, namba, ghorofa. Kisha akanyamaza. Palikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na maisha ya mtoto yalikuwa juu yake, na mtoto mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka alipo, akimtazama.

"Mimi," alisema Chin-fa, "kwa niaba ya mwenye nyumba, Tu Yueh-o, naomba radhi kwa lolote lililotokea katika kipindi kisichomhusu."

Huenda ilikuwa hila. Huenda ilikuwa mazoea, kwa maana mtu akilikana jina lake miaka yote hiyo ulimi hupoteza njia ya kuliendea. Kwa Yueh-o hapakuwa na tofauti.

Chin-fa alivitupa vibao. Vikalala vyote tumbo juu. Alichekwa.

"Tupa tena," alisema Yueh-o. "Sema kweli utupe tena."

"Nimeshasema."

"Umesema jina langu."

"Ndilo lililo kwenye hati, dada. Nisemeje, nidanganye mbele ya miungu?"

Akavitupa tena, na vibao vilipogusa sakafu vikabinuka vyote migongo juu, kwa mlio mmoja mkavu, na kabla mlio ule haujakoma wakausikia mwingine nyuma yake, tik, kisha ukimya wa kutosha mtu kujidanganya kwamba amesikia vibaya, kisha tik, tik, tik, ukitoka kwenye kile kisanduku kisicho na gesi wala maji, na mdomo wake mweusi ukashika mwanga wa buluu, na vioo vya roshani vikaanza kufunikwa na ukungu kutoka chini kwenda juu, polepole, kama vinavyofunikwa mtu akiendelea kuoga bila kujua, mpaka mji wote na bandari na mvua vikapotea nyuma yake, na katika ukungu ule, upande wa ndani, pakatokea alama ya kiganja kilichokuwa kikitafuta komeo la dirisha, hapa, na hapa, na hapa chini zaidi, na chini zaidi.

Lan-yin aliteleza ukutani akaketi. "Inaita," alisema kwa sauti ndogo. "Mjomba, pokea."

Chin-fa hakupokea chochote. Alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akashuka ngazi na kandambili za plastiki, na sauti yake ikasikika ikizunguka na kushuka katika kuta za ngazi: "Mimi si mwenye nyumba. Mmenisikia wote. Mimi si mwenye nyumba." Viatu vyake vya ngozi vilibaki pale mlangoni. Hiyo ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyepata kubisha kwamba ilikuwa yake.

Yueh-o alibaki na mtoto aliyekuwa akizama usingizini na kiganja kisicho na mtu kwenye kioo. Alimtingisha Lan-yin, hakufumbua macho. Hapo hofu yake yote ilimwishia, kama mchele unavyoisha guniani, na chini ya gunia akakuta hasira. Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Binti Shu-hui," alisema, "umemsikia huyo. Kaniita mwenye nyumba mbele ya Bwana wa Msingi. Basi nimekubali. Mimi ndiye. Tu Yueh-o, muuza chakula. Sikukuua mimi, lakini nilitia saini nikiwa najua, na sikuuliza, kwa hiyo uliponipigia mimi pia sikupokea. Kesho navunja vioo hivi. Hita naitoa. Nyumba siuzi. Kila mwaka mpya utakula kwangu. Niachie mtoto, nami nitakuwa mwenye nyumba."

Akavitupa vibao. Kimoja kikalala, kimoja kikabinuka.

Hakusubiri kesho. Alichukua sufuria la chuma la jikoni pale akavunja kioo cha kwanza, na upepo wa bahari ukaingia na mvua yake, ukazima ule mwanga wa buluu kama mshumaa. Lan-yin alikohoa, akaapiza, akauliza nani amevunja nini. Ndivyo mama yake alivyojua kwamba amerudi.

Bibi Ah-Khim alipoelezwa alitikisa kichwa. "Ameridhika na wewe," alisema. "Sikusema amepata jibu."

Jumatatu Yueh-o alikataa kutia saini ya mauzo. Mnunuzi akaondoka. Chin-fa akamfungia duka wiki hiyohiyo, naye akahamia ghorofa ya nne na bintiye, wakawa wanapika huko na kuuza kwenye ngazi. Wakaazi wa jengo walinung'unika kisha wakanunua. Hita mpya ilitundikwa nje, kwenye hewa wazi, na ililia pale tu mtu alipofungua bomba.

Mtu mwenye akili angeliachia hapo. Chin-fa hakuweza, kwa kuwa aliyezoea kulamba asali huifuata hata mzingani. Sheria ya kule humruhusu aliyeazima jina la mwenzake kuidai mali yake, mradi athibitishe kwamba fedha, funguo na maamuzi vilikuwa vyake tangu mwanzo. Hilo alilijua barabara. Lilikuwa jibu lake la Jumamosi. Akamwita dada yake mbele ya usuluhishi wa mtaa, mwezi wa kumi, alasiri, katika chumba chenye meza ndefu, birika la chai na picha ya jahazi la uvuvi. Msuluhishi alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mwenye kusinzia.

"Unadai nini, Bwana Tu?"

"Nyumba."

"Hati inasema ni ya dada yako."

"Jina lake niliazima."

Yueh-o alimtazama kaka yake. Alikuwa amekuja tayari kwa matusi, lakini alipoona anapoelekea, moyo wake ulimshtuka, kwa kuwa walinyonya titi moja.

"Kaka," alisema taratibu, "usiseme hilo hapa. Nakuomba. Tutaelewana kwingine."

"Umeona?" Chin-fa alimwambia msuluhishi. "Anaogopa ukweli."

"Siogopi kwa ajili yangu."

"Bwana Tu," alisema msuluhishi, "nahitaji kauli iliyonyooka. Tangu lini? Kabla ya dada yako hati ilikuwa ya mzee mmoja."

"Na jina lake pia niliazima. Nilinunua mimi. Funguo zilikuwa zangu, wapangaji walikuwa wangu, roshani niliziba mimi." Chin-fa aligonga meza kwa kidole, na ulimi wake, ambao haukupata njia mbele ya mtoto anayekufa, ukaipata mbele ya mali. "Miaka tisa yote. Mimi, Tu Chin-fa, ndiye mwenye nyumba."

Msuluhishi aliandika. Kalamu ilipokoma, chumba kilikuwa kimya, na katika kimya kile kukasikika tik, tik, tik. Hapakuwa na hita katika jengo zima. Msuluhishi alitazama birika, akagusa miwani yake iliyokuwa imeanza kufanya ukungu. Harufu ya sabuni ya tangawizi ikapita mezani, ikampita Yueh-o bila kusimama, ikatulia.

Simu ya Chin-fa ikaita. Aliitazama. Aliipokea kwa mazoea, na kwa mazoea akaanza, "Mimi si mwenye…" akaishia hapo, maana msuluhishi alikuwa bado ameshika kalamu.

Sauti ya kijana, ya heshima, ilisikika mpaka upande wa pili wa meza.

"Samahani kwa usumbufu. Nimeambiwa wewe ndiye."

Chin-fa aliondoka bila kutia saini, na dai lake halikurudi tena.

Yamesemwa mengi tangu hapo. Wapo wasemao Tu Chin-fa alikutwa amekufa bafuni; si kweli, yu hai, ila hawezi kukaa mahali palipofungwa dirisha, na wakati wa baridi watu humkuta ameketi kwenye ngazi za hekalu, mvua ikimpiga, simu ikiita mfukoni. Wapo wasemao dada yake alimroga ili ale nyumba. Huyo dada ndiye anayempelekea wali hapo ngazini, na ndiye aliyemrudishia viatu. Wengine wanadai Shu-hui alionekana na nywele ndefu na macho mekundu. Hakuna aliyemwona. Alikuwa kiganja na sauti ya adabu, basi.

Na wale wanafunzi wa Chin-fa wa Jumamosi, ambao wamepata mwalimu mwingine na wanaendelea kuandika, husimulia kwamba hita ya uchochoroni ililia mara ya kwanza usiku wa manane, kwa sababu ndivyo wanavyotaka wafu wawe. Hilo nalo si kweli. Ililia saa tisa na dakika kumi na moja alasiri, ambayo ndiyo saa msichana yule alipopiga simu yake ya mwisho. Saa ya kazi, mchana mweupe, wakati mtu yeyote mwenye simu angeweza kuipokea.